Radi ikinguruma shuleni: jibu kwa mwalimu wa Bweyale

Swali: "Nafundisha darasa la tatu karibu na Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Msimu wa mvua ukifika, ngurumo moja tu inatosha kuvuruga somo. Wengine wanakimbilia dirishani kutazama, wengine wanajificha chini ya madawati, na mvulana mmoja huziba masikio na kulia mpaka mvua ikatike. Darasa letu ni la matofali na paa la mabati, halina umeme. Wazazi kadhaa wananiambia radi hutumwa na mtu, kwa hiyo hakuna cha kufundisha. Nitawafundishaje watoto wa miaka minane na tisa kujilinda bila kuwaongezea hofu? Na saa ya kwenda nyumbani ikikuta wingu limefunga, niwaachie au niwazuie?"

Jibu: Mwalimu, pole na kazi, na ahsante kwa kutaja mabati na umeme, maana jibu karibu lote limelala hapo. Maelekezo mengi ya usalama wa radi yametungwa katika nchi ambako nyumba ya kawaida ina nyaya za umeme na mabomba ya maji kutani. Huko, kumwambia mtoto "kimbilia ndani" kunatosha. Kwetu hakutoshi, na kuna watoto wa Uganda waliokufa wakiwa wamefanya hivyo hivyo.

Wilaya yako inalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja katika Shule ya Msingi ya Runyanya, hapo hapo Kiryandongo. Agosti 2020, huko Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira waliona mvua inakuja wakaingia kwenye kibanda kujikinga. Radi iliwakuta humo, wakafa 10. Novemba 2024, katika makazi ya wakimbizi ya Palabek wilayani Lamwo, radi ilipiga mahali pa ibada, wakafa watu 14, wengi wao watoto. Kibanda, darasa, mahali pa ibada: kote kulikuwa na paa. Paa linazuia mvua. Radi ni jambo lingine.

Kwa hiyo kabla ya kuwafundisha watoto, tuelewane sisi wakubwa kuhusu kinachotokea. Waulize watoto wako, mvua ikinyesha juu ya paa lenye mfereji, maji yanakwenda wapi? Watakujibu: kwenye tangi. Na paa lisilo na mfereji? Yanamwagika popote, juu ya yeyote aliyesimama pale. Radi ikishuka juu ya nyumba nayo inatafuta njia ya kufika ardhini. Nyumba yenye nyaya na mabomba yaliyozama ardhini, au iliyowekewa kinga ya radi ipasavyo, imeipatia mfereji. Darasa lako halina mfereji huo. Umeme utapita kwenye nguzo na kutani, utaruka kutoka kwenye bati au ukuta hadi mwili wa mtu aliye karibu, na ukifika chini utasambaa ardhini, upande mguu mmoja wa mtu na kutokea mwingine. Wengi wanaodhuriwa na radi haikuwapiga moja kwa moja, iliwafikia kwa njia hizi za pembeni. Ndiyo sababu kundi zima la ng'ombe linaweza kulala kwa pigo moja: miguu ya mbele na ya nyuma imeachana sana.

Mtoto wa miaka minane anaelewa mfano wa mfereji bila shida. Mchoree ubaoni nyumba mbili, moja yenye njia na nyingine isiyo nayo, kisha mwache yeye achore radi inapita wapi. Somo hilo la dakika ishirini litafanya kazi kuliko maonyo ya mwaka mzima.

Sasa kwa darasa lako. Mahali palipo salama kweli ni pawili: jengo lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji kutani au lenye kinga ya radi, na gari lililofungwa lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Teksi ya abiria inafaa. Bodaboda haifai, wala lori la wazi. Taa moja ya sola iliyoning'inizwa darasani haibadilishi chochote. Kama jirani na shule kuna kituo cha afya au ofisi yenye umeme na maji ya bomba, ongea na wenyewe leo, wakati anga ni jeupe, wakubali kupokea watoto. Lakini usiwatoe watoto sitini na kuwapitisha uwanjani ngurumo zikiwa zimeshaanza. Hapo kubaki darasani ni afadhali kuliko uwanja, na ni afadhali mara nyingi kuliko mwembe. Mti mrefu uliosimama peke yake ni mahali pabaya kuliko pote.

Mkibaki darasani, kuna namna ya kukaa. Wasogeze katikati ya chumba, mbali na kuta, madirisha, mlango na nguzo. Wakae juu ya viti au madawati ya mbao, miguu ikiwa pamoja, wasiegemeane wala kushikana mikono. Wale wanaojificha chini ya madawati wakalala sakafuni, watoe huko kwa upole: mwili uliotandazwa sakafuni unaupa umeme nafasi kubwa zaidi ya kupita. Walio dirishani nao warudi. Kama shule ina vyumba viwili vitupu, wagawe, msilundikane wote chumba kimoja. Nakusihi uelewe kwamba haya yanapunguza hatari, hayaiondoi. Usiwaambie watoto kuwa sasa wamekuwa salama kabisa. Waambie, "Hapa ndipo panapofaa kuliko pengine pote tulipo napo," na hilo ni kweli.

Jambo ambalo mimi ningelipa uzito wa kwanza, hata kabla ya mahali, ni wakati. Watu wengi husubiri tone la kwanza la mvua ndipo wakusanye watoto. Radi haisubiri mvua. Inaweza kupiga ardhi kilomita 10 au zaidi kutoka pale inaponyesha, jua likiwa bado linawaka juu ya uwanja wenu. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiona mmweko na kusikia ngurumo baada ya sekunde tatu, iko kilomita moja. Darasa la sita na la saba watafurahia hesabu hiyo. Darasa la tatu usiwape hesabu, wape kanuni moja: ukisikia ngurumo, hata ya mbali, hata hafifu, radi inaweza kukufikia. Mchezo unasimama. Na mchezo haurudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya ishirini na tisa, mnaanza kuhesabu upya.

Igeuzeni iwe wito. Wewe unasema "Ikinguruma?" nao wanajibu "Mpira nyuma!" Kisha kila mtu anaacha alichoshika, jembe, ndoo, mpini wa kisima cha pampu, nguzo ya goli, na kutembea haraka hadi mahali pake. Fanyeni zoezi hili siku ya jua, mara moja kila wiki mwanzoni mwa muhula, mpaka liwachoshe. Zoezi likiwa limechosha maana yake limeingia mwilini. Mpe kila mtoto kazi yake: mmoja anahakikisha hakuna aliyebaki chooni, mwingine anaangalia saa. Anzeni ngurumo zikiwa hazijafika, maana mihula yetu imekaa juu ya mvua. Aprili wako shuleni, Septemba na Oktoba wako shuleni, na janga la Runyanya lilitokea mwezi Juni.

Tazama pia ratiba. Katika nchi hii yenye maziwa pande zote, jua la asubuhi hupasha ardhi, hewa yenye unyevu hupanda, na ikifika alasiri mawingu yamesimama marefu kama nguzo nyeusi chini na nyeupe juu. Alasiri ndiyo saa ya michezo, ndiyo saa ya kuchota maji, ndiyo saa ya kutoka shule. Hamisha michezo iwe asubuhi katika miezi ya mvua. Hiyo peke yake inaondoa watoto uwanjani saa mbaya, na haigharimu shilingi.

Hapo tumefika kwenye swali lako la mwisho, na nalijibu bila kuzunguka: wazuie. Ngurumo ikisikika wakati wa kutoka, hakuna mtoto anayeondoka mpaka nusu saa ya kimya ipite. Najua kwa nini shule nyingi hufanya kinyume. Wingu likionekana, kengele inagongwa mapema ili kila mtoto akanyeshewe kwao, lolote litakalotokea lisitokee mikononi mwa mwalimu. Naielewa hofu hiyo, lakini matokeo yake ni watoto wadogo mia mbili njiani, kwenye uwanda wa wazi, kati ya miti, saa ile ile ambayo radi imeanza. Mkubaliane na wazazi katika kikao cha kwanza cha muhula kwamba siku ya ngurumo watoto watachelewa, na kwamba asiyemwona mwanawe asitume mdogo wake kumfuata.

Upande wa pili wa jambo hilo ni asubuhi. Mtoto anayejua atachapwa akichelewa atavuka kijito kilichofurika. Kwake fimbo anaijua, maji hayajui. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mtoto wako wa darasa la tatu yakimfika katikati ya muundi yameshampata. Ukitaka somo la mafuriko lishike, simama mbele ya darasa na useme: "Maji yakiwa ya udongo na yanakwenda, au huoni chini, rudi nyumbani. Hutaadhibiwa." Kisha timiza neno lako siku atakapokuja saa nne akiwa mkavu. Mwambie na mwalimu mkuu alitangaze mbele ya gwaride, maana mtoto husikiliza zaidi kile ambacho hakitamletea matata.

Kuhusu yule mvulana anayeziba masikio. Sehemu yako ni ya mchanganyiko, na familia nyingi pale makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo zilikimbia vita Sudan Kusini. Kwa mtoto aliyewahi kusikia mizinga, au aliyelelewa na mama aliyeisikia, ngurumo inayotikisa mabati haimkumbushi hali ya hewa. Usimwambie "mbona wenzako hawalii." Mtafute siku tulivu, ukae naye kando, umuulize ngurumo inamkumbusha nini, na kama hataki kusema usimlazimishe. Mweke karibu nawe wakati wa dhoruba, umpe kazi ya mikono: kuhesabu wenzake, kutazama saa, kuandika muda wa ngurumo kwenye daftari. Mtoto mwenye kazi hupata mahali pa kuiweka hofu yake. Akiendelea wiki baada ya wiki, akakojoa kitandani, akakataa kuja shule kila wingu linapojikusanya, zungumza na mlezi wake na uulize kituo cha afya kuna nani anayehudumia watoto wenye misukosuko ya aina hiyo.

Kwa darasa zima, mtoto haumizwi na ukweli uliosemwa kwa sauti tulivu pamoja na la kufanya. Anaumizwa na picha za maiti zinazozungushwa kwenye simu za wakubwa, na minong'ono inayokatika anapoingia. Kama kuna mtoto aliyefiwa kwa radi au maji, usimfanye mfano wa somo, na umpashe mlezi wake habari kabla ya siku ya somo.

Sasa wazazi wanaosema radi hutumwa. Usiwacheke, na usimwambie mtoto kuwa bibi yake ni mjinga. Atasimama upande wa bibi, na ana haki. Lakini usilipite kimya pia, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kama radi inamtafuta mtu kwa jina, hakuna maana ya kuondoka chini ya mwembe, na hapo mtoto amenyang'anywa kinga yake yote. Ya pili, baada ya msiba wa radi kuna mzee ambaye macho ya kijiji yatamgeukia, na tuhuma hizo huweza kumletea kipigo au zaidi. Njia ninayoipendekeza ni daftari la anga. Ubandike karatasi ukutani, na kila siku mtoto mmoja anachora: wingu lilikuwaje, ngurumo ilisikika saa ngapi, mvua ilinyesha au la. Ndani ya muhula mmoja wataona wenyewe kwamba ngurumo hufuata yale mawingu marefu ya alasiri, kila mara, bila kuchagua boma. Watalipeleka nyumbani kwa maneno yao, na babu atalisikiliza zaidi kutoka kwa mjukuu kuliko kutoka kwako. Kwa njia hiyo hiyo mtaondoa mengine madogo: nguo nyekundu haiiti radi, kioo hakiiti radi, na simu mkononi haiiti radi. Simu iliyochomekwa kwenye waya wa kuchaji ndiyo ya kuogopa, kwa sababu ya waya.

Kuna jambo moja ambalo kila mtoto wa shule ya msingi anapaswa kulijua na wakubwa wengi hawalijui: mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Unaweza kumgusa mara moja. Watu wamesimama mbali wakimtazama jirani akizimika, wakiogopa umeme au wakiogopa mkosi, na dakika zile ndizo zilizokuwa za kumwokoa. Radi inaweza kusimamisha moyo na pumzi. Moyo mara nyingine huanza tena wenyewe, ila pumzi huchelewa kurudi. Kwa hiyo asiyepumua ndiye wa kwanza kusaidiwa, hata akionekana amekufa, na yule anayelia kwa maumivu anaweza kusubiri kidogo. Mtoto wa darasa la tatu afundishwe kupiga kelele na kumwita mkubwa. Ninyi walimu mjifunze kubonyeza kifua: katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila mara 30 mkifuatisha pumzi mbili za mdomoni, mpaka apumue au msaada ufike. Mwombeni mhudumu wa kituo cha afya aje awaonyeshe kwa vitendo, maana hili halijifunzwi kwa kusoma.

Hayo mengine ya hali mbaya ya hewa nitayagusa kwa ufupi, kwa sababu naona kosa kubwa ni kuwafundisha watoto hatari za mbali kabla ya zile za mlangoni. Mabango yenye theluji na vimbunga vya baharini hayamsaidii mtoto wa Kiryandongo. Mwenzako anayefundisha Bududa anahitaji somo la nyufa ardhini, miti iliyoanza kuinama na chemchemi iliyogeuka tope ghafla, kwa sababu ya maporomoko ya ardhi ya Nametsi mwaka 2010 na Bukalasi mwaka 2018. Wa Kasese anahitaji somo la mto Nyamwamba unaofurika, wa Bwaise kule Kampala somo la mitaro, wa Karamoja somo la jua kali na maji ya kunywa. Wewe anza na radi, upepo unaong'oa mabati, na vijito. Upepo ukianza kuinua paa, watoto wakae upande wa ndani mbali na madirisha, na baada ya hapo asiguse mtu bati lililoanguka wala waya wowote ulio chini. Utabiri wa hali ya hewa usikilize redioni asubuhi, hasa ule wa mwanzo wa msimu, lakini kwa radi ya leo alasiri kipimo chako ni macho na masikio yako.

Lipo bado la kinga yenyewe, ambalo haliko mikononi mwa watoto hata kidogo. Peleka hoja kwenye kamati ya shule na mkutano wa wazazi, na muiandikie wilaya. Inawezekana: ACLENet, shirika lenye makao Kampala linaloshughulikia usalama wa radi, limekuwa likiziwekea kinga shule za Uganda, na Runyanya ni mojawapo. Mkipata fedha, msikubali fundi aje na chuma kimoja cha kuchongoka akichomeke juu ya paa aondoke. Kinga ni mfumo mzima: vyuma vya juu, nyaya nene za kushuka zaidi ya upande mmoja wa jengo, na vyuma vilivyozamishwa ardhini vikapimwa kama kweli vinapitisha umeme. Chuma cha juu kisicho na ardhi nzuri kinaweza kuwa kibaya kuliko kutokuwa nacho. Kinalinda jengo lililowekewa, hakilindi uwanja wote. Na nyaya za shaba huibwa, kwa hiyo mkubaliane na mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) na majirani wa shule nani atazitazama wakati wa likizo, na kila muhula unapofunguliwa mtu mzima azunguke jengo aone kama bado zimefika chini.

Mkishindwa kupata ya majengo yote, anzeni na darasa moja kubwa, lile lililo karibu zaidi na uwanja, na katika zoezi lenu la kila wiki wote wajifunze kuelekea hapo.